Columbus Circle: Walikarabati Kila Kitu Isipokuwa Kosa

Walikarabati stesheni ya treni za chini ya ardhi ya Columbus Circle, jijini New York, kwa miaka kadhaa, wakaikabidhi mwaka 2012 ikimeremeta, na mpaka leo treni za 2 na 3 zinaipita mchana kutwa kama haipo. Kazi yenyewe si mbaya. Vigae vya rangi vya msanii Sol LeWitt, vilivyobandikwa mwaka 2009, ni kazi safi. Sifa zimekwisha, sasa tuingie kwenye kosa.

Mpangilio mnaujua. Reli nne sambamba: mbili za kando ni za treni ya 1 inayogusa kila kituo, mbili za katikati ni za treni za haraka. Majukwaa yako nje tu, yakitazamana na reli za kando. Kwa hiyo treni ya haraka ikitoka mtaa wa 42 haisimami mpaka wa 72. Abiria wa treni ya 2 anayetaka treni ya D, inayopita ghorofa ya chini ya Columbus Circle, ashuke, aingoje treni ya 1, apande vituo viwili, ndipo ateremke ngazi. Treni yake ya kwanza tayari imemfikisha hatua chache kutoka lile jukwaa la D, ila mlango haukufunguliwa.

Mwaka 1904 uamuzi huo ulikuwa na mantiki. William Barclay Parsons, mhandisi mkuu wa njia ya kwanza ya treni hizi, aliweka vituo vya haraka vichache kwa makusudi, na eneo lile la pembeni mwa Central Park halikuwa na umati wa leo. Hata Times Square wakati huo ilikuwa ya treni za kawaida. Simlaumu. Lakini mwaka 1932 njia ya Eighth Avenue ilifunguliwa hapo hapo chini, na wajenzi wake waliona mapema: wakaweka majukwaa ambapo treni ya A husimama kabla ya kukimbia moja kwa moja hadi mtaa wa 125. Wakaweka hata jukwaa la ziada katikati, ambalo siku hizi halitumiki. Ghorofa ya chini ina jukwaa la kuchezea, ya juu imenyimwa. Na tangu 1948 abiria wanabadilisha njia hapo bila kulipa tena, kwa hiyo hakuna wa kusema hakujua umati unapokutana.

Nimeshaambiwa kwamba ili kuweka jukwaa kati ya reli ya kando na ya haraka ni lazima reli za kando zisogezwe nje, kuta zibomolewe, na treni zisikome hata siku moja. Ni kweli. Nimeshaambiwa pia kwamba mnara wa Columbus uko juu ya kichwa. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira, maana mnara huo ndio ushahidi wangu mkubwa.

Mchongaji Gaetano Russo aliusimamisha mwaka 1892: mita 23 hivi kwenda juu, mamia ya tani, msingi umekaa juu ya mchanga. Miaka michache baadaye handaki likaja kupita chini ya ubavu wake wa mashariki, likila zaidi ya robo ya eneo lililoubeba. Wahandisi wa Parsons hawakuandika ripoti ya kusema haiwezekani. Walitoboa kijihandaki chini ya msingi, wakaupachikia nguzo za kuuegemeza, wakaimarisha chuma cha paa la reli, wakaendelea na kazi. Columbus yuko palepale. Mwaka 2018 jiji lilijadili kama anastahili kubaki juu, likaamua abaki. Laiti nusu ya maneno yale yangetumika kujadili kilicho chini ya miguu yake.

Na si kwamba jambo lenyewe halijawahi kufanyika. Upande wa mashariki wa kisiwa cha Manhattan, mtaa huo huo wa 59, njia ya Lexington Avenue ilikuwa na ugonjwa huu huu. Mwaka 1962 wakafungua majukwaa ya treni za haraka. Pale reli ziko ghorofa mbili, hivyo kazi ilikuwa rahisi zaidi, nakubali. Rahisi zaidi, si rahisi. Waliifanya kazi hiyo huku treni zikipita.

Samaki mkunje angali mbichi. Wakati wa ukarabati wa Columbus Circle stesheni ilikuwa imefumuliwa, vizuizi vimewekwa, abiria wameshazoea bughudha. Badala ya jukwaa, mwaka 2016 njia ya chini ya ardhi ya waendao kwa miguu ikageuzwa safu ya maduka, TurnStyle. Nilishalalamika juu ya stesheni zinazofikiri ni soko, na nitalalamika tena: anayenunua kahawa pale ni yule yule ambaye treni yake imempita.

Kichekesho ni kwamba usiku wa manane treni ya 2 husimama Columbus Circle. Hutumia reli ya kando, ikiwa nusu tupu, kisha alfajiri inarudi katikati na kuanza kuwapita watu.