Asubuhi ya Mlima: Jinsi Ratiba ya Volkano za Costa Rica Inavyojengwa

Ukifika kwenye lango la hifadhi ya volkano ya Poás, nchini Costa Rica, una pesa mfukoni lakini huna tiketi, utarudishwa. Getini hakuna dirisha la kuuzia. Tiketi hununuliwa mapema kwenye tovuti ya SINAC, mamlaka inayosimamia hifadhi za taifa za nchi hiyo, nazo huwa na tarehe na saa ya kuingia. Ukishafika ukingoni mwa kreta unapewa dakika 20, kisha unaliachia nafasi kundi linalofuata. Kwa Mtanzania au Mkenya aliyezoea kuingia mbugani alfajiri na kutoka jua likizama, utaratibu huu unaweza kuonekana wa kibahili. Lakini ukiuchambua, utaona kwamba masharti hayo ndiyo yanayopaswa kuandikwa kwanza kwenye ratiba, kabla ya hoteli na kabla ya gari.

Wengi huanza na ramani. Costa Rica ina kilomita za mraba 51,100 tu. Mkoa wa Tabora peke yake unaizidi. Poás, Irazú, Arenal, Tenorio na Rincón de la Vieja zimejipanga kwenye safu za milima ya katikati na kaskazini-magharibi, na kwa macho ya mtu aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, zote zinaonekana majirani. Basi anachora mstari, anagawa kilomita kwa siku, anaona safari imekamilika. Mpango wa namna hiyo hukwama mapema, kwa sababu umbali ndio jambo jepesi kuliko yote. Mambo mazito ni matatu: gesi, mawingu na lango.

Gesi: hesabu ya dakika 20

Aprili 2017, katika juma la kuelekea Pasaka, Poás ilianza kulipuka kwa nguvu, na mawe yakatua hadi eneo walikokuwa wakisimama wageni. Hifadhi ikafungwa hadi mwaka uliofuata. Tatizo la wataalamu lilikuwa aina ya mlipuko wenyewe. Ndani ya kreta hiyo hukaa ziwa dogo la maji moto, Laguna Caliente, mojawapo ya maziwa yenye asidi kali kuliko yote duniani. Maji yakikutana na joto la chini, mvuke hujibana, kisha hufumuka. Mlipuko wa mvuke si lazima utoe dalili ndefu kama magma inayopanda taratibu, kwa hiyo hakuna chombo kinachoweza kumhakikishia mgeni kwamba saa moja ijayo ni salama.

Linganisha na Nyiragongo, mashariki mwa Congo, ambako kabla ya mlipuko wa Mei 2021 wageni wa hifadhi ya Virunga walikuwa wakilala ukingoni ili kulitazama ziwa la lava usiku. Kule hatari kubwa ilikuwa lava kupasua ubavu wa mlima na kuteremkia Goma. Kwa Poás, hatari ni ya yule aliyesimama ukingoni penyewe.

Ndipo hesabu ilipobadilishwa. Mlima hauwezi kutulizwa, lakini idadi ya watu walio mbele yake inaweza kupunguzwa, na muda wanaokaa pale vilevile. Hifadhi ilipofunguliwa tena mwaka 2018, wageni walianza kuingia kwa makundi, wakiwa wamevaa helmeti, kwa dakika zilizohesabiwa. Mahandaki ya kujikinga yalijengwa karibu na eneo la kutazamia, na vipimo vya gesi ya salfa vikawekwa palepale. Gesi ikizidi kiwango, watu huondolewa. Uuzaji wa tiketi mtandaoni ulitokana na hesabu hiyohiyo. Bila saa iliyopangwa, makundi hayahesabiki.

Matokeo yake kwa msafiri ni kwamba mwenye neno la mwisho si wakala wa safari wala hoteli. Ni mamlaka ya hifadhi, ikitegemea wapimaji, wakiwemo OVSICORI, kituo cha Chuo Kikuu cha Taifa kilichoko Heredia, ambao hufuatilia mitetemo, gesi na majivu. Mwaka 2025 Poás ilirusha majivu tena na hifadhi ikafungwa. Turrialba, volkano nyingine iliyo mashariki zaidi, iliwahi kusimamisha safari za ndege katika uwanja mkuu wa Juan Santamaría mnamo Machi 2015 kwa sababu ya majivu, na hifadhi yake ilikaa miaka mingi bila kupokea wageni. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya ratiba ni hii: kila volkano iwe na naibu wake.

Naibu wa Poás ni Irazú. Ina mita 3,432, ndiyo volkano ndefu kuliko zote nchini, na barabara ya lami inafika karibu kabisa na kreta. Nayo ina historia yake: ilianza kulipuka Machi 1963, mwezi uleule ambao Rais John F. Kennedy wa Marekani alizuru San José, na majivu yakaendelea kuuangukia mji mkuu hadi 1965. Tangu hapo imetulia kiasi cha kutosha kuwa chaguo la uhakika zaidi.

Mawingu: kipimo ni asubuhi

Pepo za kaskazini-mashariki hutoka bahari ya Karibi zikiwa zimebeba unyevu. Zikigonga milima hupanda, hupoa, na unyevu hugeuka wingu. Anayeijua Kilimanjaro anaufahamu mchezo huo: kilele kinaonekana mapema, kisha kinajifunika. Kwenye Poás na Irazú, saa mbili asubuhi kreta inaweza kuwa wazi hadi chini. Ikikaribia saa tano, mgeni anaweza kuwa anatazama weupe mtupu. Dakika 20 za saa saba mchana zinaweza kupotea zote ndani ya ukungu.

Hapa ndipo mpango mzuri unapotengana na mbovu. Kipimo cha safari hii ni asubuhi, kwa maana kila volkano ya Bonde la Kati, yaani Poás na Irazú, inadai asubuhi yake nzima. Poás na Irazú haziwezi kuchangia moja, hata kama ramani inaonyesha kwamba mchana mmoja ungetosha kuzifikia zote mbili. Asubuhi mbili, volkano mbili, na moja ya akiba.

Kipimo hicho ndicho kinachoamua mahali pa kulala. Kulala katikati ya San José kunamaanisha kuanza siku kwenye foleni ya magari. Anayekwenda Poás ni heri alale Alajuela, ambako ndiko uwanja wa ndege uliko, au kwenye miteremko ya mlima wenyewe. Anayekwenda Irazú alale upande wa Cartago. Saa ya kwanza unayoikuta kwenye tovuti ndiyo ya kununua, na koti zito liwe juu ya begi: ukanda wa tropiki hauondoi baridi ya mita 3,400.

Kaskazini: milima yenye tabia nyingine

Ukivuka kwenda La Fortuna, mji ulio chini ya volkano ya Arenal, kanuni zinalegea. Arenal ilidhaniwa mlima wa kawaida hadi Julai 29, 1968, ilipolipuka, ikafukia vijiji na kuua watu karibu 80. Iliendelea kutema lava hadi 2010, kisha ikanyamaza. Picha za usiku zenye mito myekundu, ambazo bado zinauza safari, ni za kabla ya hapo. Anayezifuata atakuta koni ya kijani na kijivu. Kuipanda ni marufuku. Kinachotembelewa ni njia za msituni, ikiwemo Las Coladas inayofika kwenye mawe ya lava ya mwaka 1992, na chemchemi za maji moto zilizo miguuni pake.

Kwa mpangaji, faida ya Arenal ni kwamba hutazamwa kwa mbali. Wingu linaweza kufunguka saa tisa alasiri na ukauona mlima ukiwa mjini. Upande huo hupata mvua karibu mwaka mzima, kwa hiyo dawa ni kulala pale usiku mbili au tatu ili kuongeza nafasi ya kuuona.

Tenorio ina sharti lake. Watu huenda kule kuona Río Celeste, mto wa samawati. Watafiti wa vyuo vikuu vya nchi hiyo walieleza chanzo chake mwaka 2013: vijito viwili visivyo na rangi hukutana mahali panapoitwa El Teñidero, asidi ya kimoja hufanya chembe za madini ya alumini na silika zilizomo kwenye kingine zikue, na chembe hizo hutawanya mwanga wa buluu. Mvua kubwa ikinyesha, tope hufunika kazi hiyo yote na mto unakuwa wa kahawia. Wanaoishi Bijagua, mji ulio karibu, ndio wa kuulizwa jioni ya kuamkia siku ya matembezi kama mto umetulia. Mgeni wa mwisho huingia saa nane mchana, na kuoga ndani ya hifadhi ni marufuku.

Rincón de la Vieja iko upande mkavu zaidi, karibu na mji wa Liberia. Njia ya kwenda kileleni imefungwa kwa miaka mingi kwa sababu kreta bado hulipuka, lakini kipande cha Las Pailas kinaonyesha matope yanayotokota na matundu ya mvuke kandokando ya njia. Kipande hicho hakifunguliwi Jumatatu. Ratiba nyingi huharibikia kwenye siku hiyo moja.

Mtiririko unaotokana na yote haya ni huu: tua San José, maliza asubuhi za Poás na Irazú kwanza, asubuhi ya akiba ikae palepale kabla ya kuondoka bondeni, kisha La Fortuna, Bijagua, na mwisho Liberia, ambako kuna uwanja wa ndege wa kimataifa. Kuondokea Liberia kunaokoa karibu saa nne za barabara za kurudi.

Lango: mzigo anaobebeshwa mgeni

Mfumo una kasoro. Saa ya tiketi ya Poás inachaguliwa mapema, wakati wingu halijulikani. Mamlaka imepunguza hatari ya mawe, lakini hasara ya ukungu imemwachia mgeni, ambaye kama si mkazi hulipa takriban dola 17. Malipo yanataka kadi inayokubali manunuzi ya kimataifa. Asiye nayo hana njia mbadala getini. Juma la Pasaka na siku za kati ya Krismasi na Mwaka Mpya huwa na msongamano mkubwa. Miezi ya Desemba hadi Aprili ni mikavu upande wa Pasifiki, nayo Septemba na Oktoba ndiyo yenye mvua nyingi zaidi huko. Anayetoka kwenye nchi zenye homa ya manjano atadaiwa cheti cha chanjo, iliyochomwa siku 10 au zaidi kabla ya kuingia.

Hata hivyo, kwa tathmini yangu, Poás imefanya kazi ambayo hifadhi nyingi za volkano huikwepa: imemwambia mgeni wazi kwamba usalama wake unapimwa kwa dakika, kisha ikamfungia saa. Mpango wako ufuate uaminifu huohuo. Kabla ya kulipia hoteli yoyote, soma taarifa za karibuni za OVSICORI na tovuti ya SINAC. Mlima uliofungwa ufute, uliofunguliwa uupe asubuhi yake, na asubuhi moja iache tupu. Baada ya hapo, nunua tiketi ya ndege.