Kasri na Jela: Mapinduzi ya Zanzibar katika Riwaya Mbili za Shafi Adam Shafi

Ni rahisi kwa msomaji kuichukua Haini (2003) kuwa kanusho la Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Katika riwaya ya awali, Shafi Adam Shafi anayasawiri Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 kama ukombozi wa wanyonge kutoka katika makucha ya mamwinyi. Katika ile ya baadaye, dola iliyozaliwa na mapinduzi inawatia watu jela na kuwatesa. Kwa mujibu wa usomaji huu, mwandishi aliamini, kisha akakata tamaa.

Tarehe zinaupinga usomaji huo. Rais Abeid Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na Shafi akawa miongoni mwa waliofungwa kufuatia mauaji hayo. Kasri ya Mwinyi Fuad ilichapishwa miaka 6 baadaye. Aliyewapa wasomaji taswira ile ya ukombozi alikuwa ameshaionja jela ya wanamapinduzi. Basi swali la kihakiki si lini mwandishi alibadili itikadi, bali ni vipi itikadi moja inaweza kumkomboa mtumishi wa kasri na kumtia pingu mwananchi.

Jibu linaanzia kwa Kijakazi. Mhusika huyu anamtumikia Fuad kwa uaminifu ilhali ananyonywa na kudhalilishwa, na mapinduzi yanapofika inamwia vigumu kuutambua uhuru wake. Kwa istilahi za Ki-Marx, hana mwamko wa kitabaka. Wenye mwamko hawana budi kumzindua. Hapa ndipo penye udhaifu. Ukombozi unamjia kutoka nje, na wengine wanadai kuyajua masilahi yake kuliko ayajuavyo mwenyewe. Shambani, dai hilo lina sura ya huruma. Katika Haini linageuka mateso: ukweli wa Hamza umekwisha kuamuliwa na wakubwa, na kazi iliyobaki ni yeye kuukiri.

Historia inaunga mkono usomaji huu. Baada ya mapinduzi ardhi ilitaifishwa na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Hilo lilitendeka, wala Haini haikuandikwa kulikanusha. Hata hivyo, chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, kilichobeba nadharia ya Ki-Marx, kilimezwa na Afro-Shirazi mwaka huohuo wa 1964, na wafuasi wake kadhaa wakaja kushtakiwa kwa uhaini. Babu, aliyekuwa kizuizini Tanzania Bara, alihukumiwa kifo pasipo kuwapo mahakamani. Ardhi iligawanywa, mamlaka hayakugawanywa.

Msomaji wa Nairobi asidhani kwamba hayo ni ya ng'ambo. Kenya nayo ilijinasibisha na ujamaa wa Kiafrika katika Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ilhali nyumba za Lavington, mtaa uliokuwa wa Wazungu enzi za ukoloni, zilipita mikononi mwa wachache wenye nacho. Huku kasri ilibaki, ikabadili mwenyewe tu. Kwa hiyo haifai kuitupa riwaya ya kwanza kwa sababu ya ya pili. Asiye na ardhi bado anaihitaji Kasri ya Mwinyi Fuad. Aliyepewa ardhi akanyimwa sauti anaihitaji Haini.