Damu ya Miungu na Ugumu wa Kusoma

Mwaka 2005 Rick Riordan, Mmarekani aliyewahi kuwa mwalimu, alichapisha riwaya The Lightning Thief. Asili yake ni hadithi alizomsimulia mwanawe mwenye disleksia wakati wa kulala. Shujaa wake, Percy Jackson, ana miaka 12. Maneno huelea mbele ya macho yake, na katika miaka sita amepitia shule sita. Hatimaye anatambua kwamba yeye ni mwana wa Poseidon, mungu wa bahari, na anaelezwa kwamba Kiingereza humshinda kusoma kwa sababu ubongo wake umeumbwa kwa Kigiriki cha kale.

Je, maelezo hayo yanamfaa mtoto aliyekusudiwa?

Kwa upande wa isimu, hayasimami. Kwa wengi, kiini cha disleksia ni ugumu wa kuoanisha sauti na herufi, na Kigiriki nacho huandikwa kwa alfabeti. Utafiti wa Paulesu na wenzake (2001) uliwalinganisha wasomaji wenye disleksia wa Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Waitaliano walisoma vizuri zaidi, kwani tahajia yao ni nyofu. Lakini dalili katika ubongo ilikuwa moja kwa wote.

Kwa upande wa fasihi, mashujaa wa Homer ni watu wa neno la mdomo. Maandishi hutajwa mahali pamoja tu katika Iliadi, utenzi wa 6: Bellerophon anabeba kibao kilichokunjwa, chenye alama za kuamuru auawe, asijue kilichomo. Mapokeo mengine humwita mwana wa Poseidon. Damu ya mungu haikumsomea kibao kile.

Riwaya yenyewe inatoa ushahidi bora kuliko nadharia yake. Kambini, Annabeth humfundisha Percy Kigiriki kila asubuhi. Baada ya siku chache anajikokota katika mistari ya Homer, naye akiri tu kwamba si kigumu kuliko Kiingereza. Kilichomsaidia, basi, ni mwalimu pia, wala si nasaba peke yake.

Mwaka 1896 daktari Mwingereza Pringle Morgan alieleza habari za mvulana wa miaka 14, naye kwa sadfa aliitwa Percy. Mwalimu wake alisema angewapita wote shuleni kama mafunzo yangekuwa ya mdomo tu. Akili ya Percy huyo ilitambuliwa bila baba mungu.

Sifa ya Riordan ni kumwondolea mtoto aibu. Kasoro yake ni kuifanya heshima hiyo itegemee kipawa kilichofichika: mtoto asiyekuwa nacho atabaki na aibu yake. Jambo hili latuhusu. Tahajia ya Kiswahili ni nyofu pia. Kwa hiyo mwanafunzi wetu mwenye disleksia huenda akakosea kidogo, akasoma polepole mno, akaitwa mvivu. Huyo anahitaji kutambuliwa na kufundishwa, awe ana kipawa au hana.