Taa Ndogo ya Richter

Taa zote za ukumbi zimezimwa. Imebaki moja, ndogo, juu ya piano, inamulika kurasa za nota na mikono miwili mikubwa. Uso wa mpigaji hauonekani, na hivyo ndivyo atakavyo mwenyewe. Ni miaka ya 1980, na aliyeketi gizani ni Sviatoslav Richter. Watu wamelipa kiingilio waje kumwona. Yeye amejificha ili wasikilize.

Wapiga piano wa daraja lake hupiga kwa ghibu. Ndiyo desturi, na wengi huona aibu kuonekana na kitabu. Richter naye alifanya hivyo kwa miaka mingi. Uzeeni masikio yakaanza kumdanganya, akawa anazisikia sauti juu kuliko zilivyo, ndipo akarudi kwenye karatasi. Baada ya hapo alisimama kidete kwamba hiyo ndiyo njia ya haki: ukurasa una alama nyingi ndogondogo, na kichwa cha mtu huzipunguza bila kumwarifu. Wako mahafidhi ambao msahafu wote umo kifuani, na bado huufungua mbele yao wanaposoma. Si kwamba wamesahau.

Kusoma ndiko kulikomlea. Alizaliwa mwaka 1915 huko Zhytomyr, Ukraine, baba yake akiwa mpiga kinanda cha kanisani. Mafunzo ya ngazi kwa ngazi hakuyapata. Alifungua vitabu vya opera akapiga alichokiona, na angali kijana akaajiriwa katika jumba la opera la Odessa kuwapigia waimbaji wakati wa mazoezi. Kazi hiyo haina makofi. Lakini anayeifanya hulazimika kuibeba okestra nzima kwa vidole kumi: hapa filimbi, pale tarumbeta, kule fidla mbali. Hata alipokuwa bingwa ungeisikia okestra hiyo ndani ya piano yake.

Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 22, alikwenda Moscow kwa mwalimu Heinrich Neuhaus, katikati ya vijana walionolewa tangu utotoni. Neuhaus alimpokea, hata akampa malazi nyumbani kwake; kijana alilala chini ya piano. Alipofukuzwa katika chuo cha muziki kwa kuyapuuza masomo ya siasa, mwalimu huyohuyo alimrudisha. Januari 1943 aliipiga kwa mara ya kwanza hadharani Sonata ya Saba ya mtunzi Prokofiev, baada ya kujifunza kwa siku 4 tu.

Mengine ya Vita Vikuu vya Pili kwa miaka mingi hakuyazungumzia. Baba yake, kwa sababu ya asili yake ya Kijerumani, alipigwa risasi na Wasovieti mwaka 1941. Mama aliondoka na Wajerumani, na mwana hakumwona tena hadi 1960, aliporuhusiwa kwenda kupiga piano Marekani.

Mimi hurudi kila mara kwenye Schubert wake, hasa sonata ya mwisho ya mtunzi huyo, ya mwaka 1828, iliyokamilika miezi miwili tu kabla Schubert hajafa. Inaanza kwa wimbo wa taratibu, kama watu wanaotembea pamoja bila kusemezana. Kisha, chini kabisa upande wa kushoto, unakuja mtetemo: nota mbili jirani zinapishana haraka kwa sauti ya chini mno. Nyuzi za huko ni nene, zimezungushiwa shaba. Ukizidisha nguvu kidogo zinanguruma. Ukiogopa hazitoi kitu. Kwa hiyo kidole hakina budi kubaki palepale juu ya kibonyezo, kikikiacha kiinuke nusu tu kabla ya kukirudisha. Wapigaji wengi hupata ngurumo ya radi ya mbali. Kwa Richter ni kama mtu amesogea katika chumba cha pili. Halafu kimya, kisha mwendo unaendelea.

Sehemu ya kwanza ya sonata hiyo peke yake humchukua takriban dakika 24. Sidhani Schubert alitaka iende polepole kiasi hicho. Lakini Richter akishaanza, hoja zangu huisha. Mpiga piano Glenn Gould, ambaye hakuyapenda marudiorudio ya Schubert, alimsikia Moscow mwaka 1957, na baadaye alikiri kwamba alinaswa.

Kimya nacho alikipima. Kabla ya nota ya kwanza ya sonata ya Liszt alikaa bila kutikisika akihesabu hadi 30, wasikilizaji wakianza kudhani ameugua. Na hakuchagua majumba: mwaka 1964 alianzisha tamasha ndani ya ghala la shambani la karne ya 13 karibu na Tours, Ufaransa, na mwaka 1986, akiwa na miaka 71, aliivuka Siberia kwa gari akipiga katika miji midogo njiani.

Alifariki mwaka 1997. Miaka michache kabla, aligundua kwamba katika Konseto ya Kiitalia ya Bach, karibu na mwisho wa sehemu ya pili, alikuwa akipiga F iliyopandishwa nusu sauti mahali palipoandikwa F ya kawaida. Hata rekodi yake ya miaka ya 1950 ilikuwa na kosa hilo. Aliagiza rekodi mpya itoke na maelezo yanayolikiri: amepiga vibaya kwa miaka 40, na hakuna mwanamuziki wala fundi mitambo aliyewahi kumwambia.