Mpangilio wa Meza: Jinsi Mwombaji wa Bunda Alivyoyapitia Maonesho ya Vyuo

Kabla ya mwaka 2017, kijana wa Musoma aliyetaka kusoma biashara chuo kikuu aliomba kupitia mfumo mmoja wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Aliorodhesha kozi alizozipenda, ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha mfumo ukampanga kwa kuangalia alama zake na nafasi zilizopo. Tangu udahili wa 2017/18 utaratibu huo haupo tena. Mwombaji anapeleka maombi chuoni moja kwa moja, na kila chuo anakilipia ada yake ya maombi, kwa kawaida shilingi 10,000. Badiliko hilo ndilo lililoyapa sura mpya maonesho ya vyuo yanayofanyika kila Julai katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Chuo kilichokuwa kikiletewa wanafunzi sasa kinawatafuta. Ndiyo maana mabanda yana spika, fulana za rangi, vijana wanaokushika mkono njiani, na kompyuta iliyo wazi tayari kukusajili.

Silaumu hilo. Ila mwombaji anayetoka mbali, kwa mfano Bunda au Butiama, anapaswa kuelewa kwamba viwanja vile vimepangwa ili vyuo vionekane. Hakuna aliyempangia yeye njia ya kupita. Nilimsindikiza mpwa wangu, binti wa Bunda, Julai 2025, akiwa ametoka kumaliza kidato cha sita mchepuo wa ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu), na nimekuwa nikiichambua njia aliyoipita, kwa sababu mengi aliyoyapata yalitokana na mpangilio: meza gani aliifuata kwanza, ipi baadaye, na kipi alikikamilisha kabla hajapanda basi.

Tuanze na kalenda. Mwaka 2024 matokeo ya kidato cha sita yalitangazwa 13 Julai, siku mbili tu kabla dirisha la kwanza la udahili halijafunguliwa. Mwaka 2025 yalitoka 7 Julai, na dirisha likafunguliwa tena tarehe 15 na kufungwa 10 Agosti. Tofauti hiyo ya siku chache ni kubwa kwa mtu wa mkoa wetu wa Mara. Anayefika mezani bila matokeo anazungumzia matumaini, na afisa wa chuo atamjibu kwa matumaini vilevile. Anayefika na matokeo anaweza kuuliza swali lenye jibu moja. Mpwa wangu alikuwa na C ya Biashara, D ya Uchumi na D ya Uhasibu. Kwa hesabu ya TCU, ambayo A ni pointi 5 na E ni pointi 1, masomo yake mawili bora yalimpa 5, na kiwango cha chini cha kuingia shahada ni 4 kutoka masomo mawili. Alikuwa amevuka, lakini si kwa mbali, na kwenye kozi zinazogombewa kiwango cha chini hakitoshi kumpa mtu nafasi.

Kuna jambo jingine la kalenda ambalo watu wa Dar es Salaam hawalioni kwa uzito tunaouona sisi. Juni mpaka Agosti ndio msimu wa vijana waliomaliza kidato cha sita kuwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, na moja ya kambi hizo, Rwamkoma, iko hapa hapa mkoani Mara. Kwa hiyo mezani Mnazi Mmoja unamkuta mama amesimama na karatasi ya matokeo ya mwanawe aliye kambini. Mpwa wangu hakuwa ameitwa. Mwenzake waliyekaa naye dawati moja aliitwa, na mama yake ndiye tuliyesafiri naye. Nitarudi kwa mama huyo, kwa sababu suala la simu linamhusu yeye kuliko mtu mwingine.

Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita elfu moja. Mtu hafungi safari hiyo ili akachukue vipeperushi. Kabla ya kuondoka, binti alifanya kazi ambayo naiona ndiyo iliyobeba nusu ya mafanikio yake: alikamilisha fomu ya mkopo nyumbani. Fomu ya Bodi ya Mikopo, HESLB, hujazwa mtandaoni, lakini inadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi), sahihi na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na uthibitisho wa wakili au hakimu. Hakuna mwenyekiti wa kijiji cha Bunda anayepatikana Mnazi Mmoja. Tuliwaona vijana pale meza ya HESLB wakielezwa, kwa upole kabisa, kwamba kilichopungua kiko nyumbani walikotoka. Yeye alifika na nakala mkononi, akauliza maswali mawili, akaondoka.

Na alianzia meza hiyo, kabla ya chuo chochote. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki nzito kwa mwombaji wa biashara. Kwa miaka kadhaa miongozo ya mikopo imezigawa kozi katika makundi ya vipaumbele, na kozi za biashara na utawala zimekuwa katika kundi la mwisho, nyuma ya ualimu wa sayansi, afya na uhandisi. Haina maana kwamba mwanafunzi wa biashara hapati mkopo, wengi wanapata. Ina maana kwamba asiweke bajeti yake yote juu ya mkopo ambao hajajua atapewa kiasi gani. Fedha ya chakula na malazi, ile wanafunzi wanayoiita boom, imekuwa shilingi 10,000 kwa siku, na kijana akiikosa Dar es Salaam maisha yake ya chuo ni magumu sana. Akiwa Mwanza, saa mbili au tatu za basi kutoka Bunda, bado ndugu anaweza kumtumia mchele na dagaa. Kwa hiyo swali la mkopo ndilo linaloamua swali la mji, na swali la mji ndilo linalopunguza idadi ya mabanda ya kutembelea. Ukianza na vyuo unaipindua hesabu hiyo: unapenda kwanza, halafu unatafuta fedha.

Meza ya pili ilikuwa ya TCU, na ya tatu ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Hapa watu hupita haraka kwa sababu hakuna muziki. Mwongozo wa udahili wa TCU, unaotolewa kila mwaka, una toleo la wenye kidato cha sita na toleo la wenye stashahada, na kila kozi inaoneshwa sifa zake, miaka yake na idadi ya nafasi. Watu wengi husoma safu ya sifa wakaishia hapo. Safu ya nafasi ndiyo yenye habari zaidi. Kozi yenye nafasi nyingi katika chuo kisicho na jina kubwa ni mlango ulio wazi kwa mtu mwenye pointi 5. Kozi yenye nafasi chache katika chuo ambacho kila mtu anakitaja itampeleka kwenye dirisha la pili. Binti aliweka alama za kalamu kwenye kozi ambazo sifa zake zilitimia kabisa, pamoja na sharti la hisabati, maana kozi nyingi za biashara huangalia ufaulu wa Hisabati wa kidato cha nne au wa BAM, hisabati tumizi ya kidato cha sita. Sharti hilo dogo limewaangusha wengi waliotazama masomo makuu tu.

NACTVET ilimhusu kwa sababu vyuo vya biashara ambavyo watu wetu huvitaja zaidi, kama Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Taasisi ya Uhasibu (TIA) na Chuo cha Uhasibu Arusha, viko chini ya baraza hilo ingawa vinatoa shahada. CBE ina historia inayotugusa: ilifunguliwa mwaka 1965 na Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, wakati nchi changa ilikuwa na Waafrika wachache mno waliosomea biashara, na duka, ghala na benki zilikuwa mikononi mwa wengine. Leo ina kampasi Mwanza, na TIA pia, na Nyegezi kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Mtoto wa Mara anayetaka biashara hana upungufu wa vyuo Kanda ya Ziwa. Kinachopungua ni habari zake kumfikia mapema.

Baada ya meza hizo ndipo vyuo vikaanza. Jambo la kwanza nililoliona ni nani anayejibu. Wanaosimama mbele ya banda mara nyingi ni maafisa wa masoko au wanafunzi waliopewa fulana. Wanajua ada na majina ya kozi. Mwalimu wa kozi, akiwepo, ameketi nyuma. Binti aliomba kila mahali kwa adabu, "Shikamoo, naomba kuongea na mwalimu wa uhasibu kama yupo," na palipokuwa na mwalimu mazungumzo yalibadilika kabisa. Aliuliza wanafunzi wa mwaka wa pili wanapelekwa wapi kwa mafunzo ya vitendo. Swali hilo nalipenda kwa sababu haliwezi kujibiwa na kipeperushi. Mwalimu mmoja alimweleza namna wanafunzi wanavyotafutiwa nafasi halmashauri na kwenye vyama vya ushirika; mwingine alikiri kwamba kila mwanafunzi anajitafutia. Kwa kijana wa Bunda, ambako pamba inapita kwenye vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) na viwanda vya kuchambulia, na mwambao wa Musoma una biashara ya sangara na dagaa inayohitaji watu wa hesabu, jibu hilo linaeleza kama elimu yake itakutana na kazi ya nyumbani.

Swali lake jingine lilihusu bodi ya wahasibu, NBAA. Mwenye shahada ya uhasibu haanzii hatua za chini kabisa za mitihani ya kuelekea CPA, cheti cha mhasibu mtaalamu. Shahada ya masoko haimpi njia fupi ile ile. Vijana wawili wanaweza kukaa darasa moja mwaka wa kwanza, kila mmoja akijiita mwanafunzi wa biashara, wakatofautiana kwa miaka baada ya kuhitimu. Katika ada nako aliomba karatasi yenye kila kitu, maana ada iliyoandikwa kwenye bango si mwisho wa malipo: kuna shilingi 20,000 za ubora kwa vyuo vya TCU, bima ya afya ambayo kwa wanafunzi imekuwa shilingi 50,400, mchango wa serikali ya wanafunzi, kitambulisho, mitihani. Banda lililoshindwa kumpa karatasi hiyo alilipita.

Sasa udahili wa papo kwa papo, ambao nadhani ndio sehemu yenye hatari kubwa kuliko zote. Afisa anachukua namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, anakufungulia akaunti, anachagua kozi, unalipa, umemaliza. Ni msaada wa kweli kwa mtu asiye na kompyuta. Tatizo liko katika sehemu tatu za fomu ambazo hujazwa haraka: namba ya simu, barua pepe na nywila. Mwombaji akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe kwenye simu aliyoandika wakati wa kuomba. Asipoipata, anatakiwa aingie katika akaunti yake ya chuo alichochaguliwa aiombe upya. Kama simu ni ya afisa aliyekusaidia na nywila aliiweka yeye, umepoteza njia zote mbili kwa pamoja, na muda wa kuthibitisha ni mfupi.

Mama wa Rwamkoma, kama tulivyozoea kumwita njiani, alitaka kuandika namba ya mwanawe kambini. Ni jambo la kawaida, mtoto ndiye anayeomba. Binti akamwambia, "Mama, andika yako. Yeye huko simu haiko mkononi mwake." Akamwandikia pia nywila kwenye daftari, na akamfungulia barua pepe palepale. Yeye mwenyewe hakukubali kusajiliwa siku ile katika banda lolote. Alibeba karatasi zake, na maombi akayajaza Bunda, kwenye kompyuta ya duka la stesheneri, akitumia simu yake.

Wasioweza kwenda Dar es Salaam wana Nyakabindi. Maonesho ya kilimo ya Nane Nane ya kanda yetu, inayounganisha Mara, Simiyu na Shinyanga, hufanyika hapo karibu na Bariadi, na kutoka Bunda unapinda Lamadi tu. Vyuo navyo huweka mabanda. Lakini Nane Nane inaanza 1 Agosti na kilele chake ni tarehe 8, wakati dirisha la kwanza katika miaka niliyoitaja lilifungwa tarehe 10. Anayesubiri Nyakabindi anaamua akiwa na siku chache mkononi, na haraka hiyo ndiyo inayomfanya akubali kusajiliwa na yeyote. Nashauri Nyakabindi itumike kuhakiki maombi yaliyokwisha kutumwa na kuuliza maswali ya vitendo kwa walimu.

Katika yote aliyoyafanya binti, yaliyohitaji Dar es Salaam kweli ni mazungumzo na walimu wa vyuo. Fomu ya mkopo, uhakiki wa RITA, mwongozo wa TCU na maombi yenyewe vyote vilifanyika au vingeweza kufanyika hapa. Kwa hiyo sioni kwamba Mara inahitaji kuletewa maonesho makubwa. Inahitaji meza tatu, HESLB, RITA na TCU, zikae siku chache za Juni Musoma mjini, kisha Bunda, kisha Butiama, kabla matokeo hayajatoka, na wazazi wenye watoto kambini waitwe kwa barua kupitia shule. Halmashauri zina kumbi, na shule zina orodha za waliomaliza. Mama wa Rwamkoma angefika Butiama kwa nauli ndogo ya daladala.