PAPA ALIYETUNDIKWA BANDARINI: Filamu ya Jaws, Warithi Wake, na Mahubiri Yetu Usukumani

Utangulizi

Msomaji aweza kushangaa kukuta katika kurasa hizi makala juu ya filamu ya papa. Shinyanga na Geita ziko mbali na bahari, na wengi wa washarika wetu hawajapata kumwona papa ila katika picha. Hata hivyo, kijana anayeketi mbele yetu Jumapili asubuhi amekwisha kuketi mbele ya mhubiri mwingine Jumamosi usiku. Zamani mhubiri huyo alipatikana katika banda la video, pale Kahama, Katoro au Nyarugusu, penye mabenchi, turubai na jenereta; siku hizi yumo katika simu ya mkononi. Yatupasa kumjua, kwa maana amewafundisha watu wetu namna ya kuogopa. Na swali la mtu anaogopa nini ni swali la kitheolojia: Luther mwenyewe, katika Katekisimo Ndogo, huanza maelezo ya kila amri kwa kumcha na kumpenda Mungu.

Makala haya yanaichunguza filamu ya Jaws, yaani Taya, iliyotolewa Marekani mwaka 1975. Hoja yangu ni moja. Filamu hii iliwafundisha watengenezaji wa sinema za mauzo makubwa karibu kila walijualo; lakini warithi wake walimchukua mnyama wakaiacha dhambi ya wanadamu iliyoelezwa katika nusu yake ya kwanza. Nasi tunaohubiri Usukumani tumo miongoni mwa warithi hao.

1. Mafundisho mawili ya Jaws

Jaws iliongozwa na Steven Spielberg, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 30, kutokana na riwaya ya Peter Benchley ya mwaka 1974. Kazi ya kupiga picha kisiwani Martha's Vineyard ilipangwa kuchukua siku 55, ikachukua 159. Papa wa mtambo aliyeundwa kwa ajili ya filamu hiyo aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi. Kwa kuwa mnyama hakufanya kazi, mwongozaji alilazimika kuonyesha kisichokuwa mnyama: uso wa maji uliotulia, pezi, mapipa ya manjano yanayozama na kuibuka, na muziki wa John Williams uliojengwa juu ya noti mbili tu. Mhariri, Verna Fields, aliviunganisha vipande hivyo kwa ustadi hata akapewa tuzo ya Oscar. Filamu hupita zaidi ya saa moja kabla mtazamaji hajamwona papa vizuri. Hivyo upungufu wa mtambo ukazaa fundisho la kwanza: kisichoonekana hutisha kuliko kinachoonekana.

Fundisho la pili lilihusu biashara. Desturi iliyoenea ilikuwa filamu kubwa kuanza katika majumba machache ya miji mikubwa, kisha kuenea polepole kadiri sifa zake zilivyosambaa. Jaws ilifunguliwa tarehe 20 Juni 1975 katika majumba 409 nchini Marekani kwa siku moja, baada ya matangazo ya televisheni yaliyogharimu dola 700,000 hivi. Haikuwa ya kwanza kujaribu njia hiyo, maana The Godfather ya mwaka 1972 ilikwisha kuielekea. Lakini Jaws ndiyo iliyowathibitishia wenye mitaji kwamba njia inalipa. Iliingiza fedha kuliko filamu zote zilizoitangulia, hadi ilipopitwa na Star Wars, filamu ya mwaka 1977. Tangu hapo miezi ya kiangazi ya Marekani imekuwa msimu wa mavuno ya sinema, na hadithi inayoweza kuelezwa kwa sentensi moja imekuwa na thamani kuliko hadithi inayohitaji subira.

2. Papa asiyehusika

Watu wengi wanaposimulia Jaws husimulia nusu ya pili, ambamo wanaume watatu wanakwenda baharini kumwinda mnyama. Mimi naona kwamba uzito wa filamu uko katika nusu ya kwanza, ambayo kwa kweli ni kisa cha baraza la mji.

Msichana anauawa majini. Mkuu wa polisi, Brody, anataka kuufunga ufuko. Meya anamzuia, kwa sababu sikukuu ya tarehe 4 Julai imekaribia na mji unaishi kwa fedha za wageni. Daktari aliyekwisha kutambua chanzo cha kifo anabadili maelezo yake: sasa ni ajali ya mashua. Brody ananyamaza. Kisha mtoto wa kiume anauawa mchana, mbele ya watu wote.

Mama wa mtoto anatangaza zawadi, na wavuvi wanajitosa baharini kwa vurugu. Wanarudi na papa mkubwa, wanamtundika bandarini, wanapigwa picha. Meya anafurahi, kwa maana sasa mji una mkosaji. Mtaalamu wa samaki, Hooper, anasema kwa upole kwamba kinywa cha papa huyu hakilingani na majeraha. Afadhali apasuliwe, ijulikane. Meya anakataa. Katikati ya shangwe hiyo mama yule anafika amevaa nguo nyeusi. Anampiga Brody kofi, naye anamweleza kosa lake: alijua kwamba kuna hatari, na bado akaacha watu waingie majini. Brody hajitetei. Usiku yeye na Hooper wanampasua papa yule kwa siri, na tumboni hawakuti kitu cha mwanadamu isipokuwa takataka.

Hapa pana mafundisho ya Biblia ambayo hayakukusudiwa. Mji uliotishika haukutafuta ukweli, ulitafuta kitu cha kutundika. Mwanazuoni Mfaransa René Girard alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza jinsi jamii iliyochafuka inavyopata amani ya muda kwa kumtwika mmoja lawama za wote. Kayafa alikwisha kulitoa shauri hilo katika Yohana 11. Tofauti ni kwamba bandarini aliyetundikwa alikuwa samaki.

Hata hivyo filamu yenyewe haikuufuata ukweli wake hadi mwisho. Mara mashua inapong'oa nanga, meya hatumwoni tena. Papa analipuliwa, watazamaji wanashangilia, na hakuna anayeuliza nani alijua na nani alinyamaza. Mlipuko umechukua nafasi ya hukumu. Katika Jaws 2 ya mwaka 1978 meya ni yule yule, yungali ofisini, naye hasikii maonyo kama awali.

3. Walichorithi na walichoacha

Warithi walifuata mlipuko. Zipo filamu bora zilizolikumbuka baraza: katika Alien ya mwaka 1979 kampuni inawatoa wafanyakazi wake ili kumpata kiumbe, na Jurassic Park, ya Spielberg mwenyewe, ya mwaka 1993, inamshtaki tajiri aliyefungua bustani kabla haijawa salama. Lakini filamu nyingi zilizofuata zilimfanya mnyama kuwa chanzo cha uovu wote, na kifo chake kuwa wokovu.

Madhara yalifika hata kwa papa wenyewe. Benchley alitumia miaka yake ya baadaye kuwatetea, akijutia picha aliyoijenga. Naye Spielberg alisema mwaka 2022 kwamba anajutia mauaji ya papa yaliyochochewa na kitabu na filamu. Filamu iliyoonya dhidi ya kumtundika papa asiyehusika ikawa sababu ya kutundikwa kwa papa wengi.

Kwetu urithi huu ulikuja kwa njia ya kanda. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na banda la video lilikuwa sinema ya watu wa kawaida. Wafasiri kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, waliziingiza filamu za kigeni katika Kiswahili kwa sauti zao, wakiongeza maonyo na mizaha yao. Kutoka Nigeria zikaja filamu zilizofuata nyayo za Living in Bondage ya mwaka 1992, kisa cha mtu anayemtoa mkewe sadaka ili apate utajiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa Nsyuka, filamu ya kutisha ya Kitanzania yenye jina la mzimu katika lugha ya Kinyakyusa. Baadaye Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, aliyefariki mwaka 2012, akawa nyota aliyependwa kuliko wengi.

Siwadharau wasanii hawa. Waliwapa watu wetu hadithi katika lugha yao. Lakini katika filamu nyingi za mchawi na mzimu, hasa zile zilizotoka Nigeria, fundisho la kwanza la Jaws limepinduliwa. Uovu haufichwi. Unaonyeshwa waziwazi, una uso, una macho, mara nyingi ni ya mwanamke mzee. Kisha mwishoni anatokea mchungaji mwenye Biblia, naye uovu unaanguka chini. Mtazamaji wa London huona humo mchezo. Mtazamaji wa kijiji kinachonong'ona juu ya jirani aweza kuona ushahidi.

4. Bandari yetu

Kwa miaka mingi wanawake wazee wa Usukuma wameuawa kwa mapanga wakidhaniwa kuwa wachawi, na moja ya alama zilizotajwa ni macho mekundu. Macho hayo yana sababu isiyofichika: moshi wa miaka mingi wa kupikia kwa samadi kavu na mashina ya pamba, kwa kuwa kuni hakuna. Na kuni hakuna kwa sababu misitu ya Shinyanga ilifyekwa, hata ikaipasa serikali kuanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 ili kuirudisha miti na ngitili. Mwenye kumpasua papa huyu hakuti uchawi tumboni mwake. Hukuta historia ya ardhi.

Ndivyo ilivyo kwa ndugu zetu wenye ualbino. Walipoanza kuwindwa katika miaka ya 2000, iliaminiwa kwamba viungo vyao huvuta dhahabu na samaki. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Wauaji walihukumiwa, nayo ni haki. Lakini kila viungo vilipouzwa palikuwa na mnunuzi mwenye fedha, naye, kama meya, hatumwoni bandarini.

Hata mashimoni ni hivyo. Duara linapoporomoka husikika maneno kwamba dhahabu imetaka damu. Nani anauliza juu ya matimba yaliyopungua, mvua iliyonyesha, na mwenye duara aliyesema kazi iendelee? Mwaka 2015 wachimbaji watano walitolewa hai katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakati mwenzao mmoja alikwisha kufa. Tulimshukuru Mungu kwa muujiza, na ilitupasa. Lakini ibada ya shukrani isiyouliza kwa nini walifukiwa ni mwisho wa Jaws: mlipuko, kisha watu wanaogelea kurudi nyumbani.

Sisemi haya nikiwa nje. Nikiwa mchungaji kijana, mwinjilisti aliniarifu kwamba bibi mmoja mjane anasemwa vibaya, kwa kuwa mtoto wa jirani alikuwa amekufa kwa homa. Jumapili ile nilihubiri juu ya nguvu za giza, kwa sauti na kwa mifano ya kutisha, na watu wakasema amina. Sikwenda nyumbani kwa bibi. Sikumwona mwenyekiti wa kijiji. Siku chache baadaye wanawe walimhamisha usiku, akaacha nyumba na shamba. Mwaka uliofuata nilikutana naye mjini. Hakunipiga kofi. Alinisalimu, "Mwangaluka, baba mchungaji," akauliza kama kanisa limekwisha kupata mabati. Nilijua, nami nilikuwa nimenyamaza. Tena nilikuwa nimepiga ngoma iliyomfukuza.

5. Tarumbeta ya mlinzi

Yako mambo mawili ambayo mhubiri aweza kujifunza kwa filamu hii. La kwanza ni la muziki wake. Watoto wawili wanapowatisha waogeleaji kwa pezi la bandia, noti zile mbili hazisikiki. Papa wa kweli anapokuja, husikika. Muziki haudanganyi. Ezekieli 33 humdai damu mlinzi asiyepiga tarumbeta aonapo upanga; nasi twaweza kuongeza kwamba mlinzi apigaye tarumbeta kwa kila pezi la mbao atawafanya watu wasisikie, au wamkimbilie asiye adui. Mikutano yetu mikubwa ya injili, yenye vipaza sauti na matangazo ya majuma kadhaa, imejifunza fundisho la pili la Jaws vizuri sana. Je, imejifunza kupiga tarumbeta kwa hatari iliyo ya kweli?

La pili ni kofi la yule mama. Katika Katekisimo Kubwa, akieleza amri ya tano, Luther hufundisha kwamba anayeweza kumwokoa jirani na asimwokoe naye amemwua. Kwa kipimo hicho Brody ana hatia ingawa hakumgusa mtoto. Uungwana wake ni kwamba alilipokea kofi, kisha usiku ule ule akaenda na Hooper kumpasua papa.

Hitimisho

Sishauri wanafunzi wetu wakatazwe filamu. Hawatatii, na wataangalia bila mwongozo. Nashauri waitazame Jaws pamoja na mwalimu, na wasimamishe picha pale bandarini. Kisha kila mmoja ataje papa aliyetundikwa katika kijiji chake, na aseme ni nani aliyesimama kando akipigwa picha. Anayekwenda kupokea usharika Geita, Kahama au Bukombe na ajulishwe mapema kwamba siku moja mwinjilisti atamjia na habari ya bibi anayesemwa vibaya. Siku hiyo mahubiri yangoje. Achukue baiskeli, aende kwanza nyumbani kwa bibi, aketi mlangoni pake mchana mbele ya macho ya watu wote, na kutoka hapo aende kwa mwenyekiti wa kijiji. Jumapili atakuwa na la kuhubiri.