Neno Linalotokota

Mwaka 55 KK, Julius Caesar alikuwa na jeshi lake kwenye pwani ya Uingereza, mwezi ukiwa mpevu. Usiku huo bahari ilijaa kwa namna ambayo Warumi hawakuitarajia, na dhoruba ilikuwa inavuma. Merikebu zilizovutwa nchi kavu zikaingia maji, na zilizotia nanga zikapigwa vibaya. Mvuvi wa Bagamoyo angemweleza kwa neno moja: bamvua. Caesar, alipousimulia mkasa huo, alitumia neno aestus.

Lakini aestus hiyohiyo ni jua kali la kiangazi. Ni joto la homa. Ni hali ya mtu ambaye moyo unamwenda huku na huku, hajui akae au aondoke. Mtunga kamusi mvivu angeziweka maana hizi mafungumafungu, kama nyanya na vitunguu gengeni, kisha akaenda kulala.

Charles Short hakufanya hivyo. Katika kamusi kubwa ya Kilatini na Kiingereza ya mwaka 1879, herufi A ilikuwa mikononi mwake. Kuanzia B hadi mwisho ni kazi ya Charlton T. Lewis, mwanasheria wa New York. Nimelisoma ingizo la aestus mara nyingi, na kila mara nasimama palepale, mwanzoni. Halianzi na joto. Linaanza na mwendo: kutokota, kuyumba, kupanda na kushuka. Moto unafuata, halafu bahari. Ndipo linapovuka kwenda rohoni, kwenye jazba, na kutoka hapo hadi kusitasita. Mpangilio huo kwa sehemu ni urithi, maana kamusi yenyewe ilijengwa juu ya kazi ya Mjerumani Wilhelm Freund. Hata hivyo, fundi anayejua kipi asikivunje ni fundi.

Wapo watakaopinga, na wana hoja. Kwa asili neno hili ni la moto: ni ndugu wa aestas, yaani kiangazi, na wa aedes, nyumba, ambayo zamani ilikuwa mahali pa kuwashia moto. Kwa hiyo joto lilipaswa kutangulia. Mimi namtetea Short kwa sababu ya Lucretius, mshairi aliyeuita aestus ule mkondo usioonekana unaotoka kwenye sumaku. Hapo hamna joto wala maji, mwendo upo.

Huko Munich wako wenye subira kubwa zaidi. Tangu mwaka 1894 wanaandaa kamusi ya Kilatini kutokana na vikaratasi vipatavyo milioni 10, kila kimoja kikibeba neno pamoja na sentensi lilimotumika. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1900. Hawajamaliza. Aliyeandika ingizo hutia jina lake mwishoni, kama mfinyanzi anayeacha alama kwenye chungu.

Juzi nilijaribu kazi hiyo kwa neno letu moja tu: chafuka. Nguo huchafuka. Bahari huchafuka, na nahodha akaghairi safari. Moyo huchafuka, mtu akatafuta ndimu ya kunusa. Niliandika vikaratasi vyangu, nikavipanga mezani, nikavipangua. Kahawa ilipoa nikiwa bado nabishana na nafsi yangu kama nguo ndiyo itangulie, au bahari.